Maonyesho ya Kumbukumbu za Taifa katika Unguja: Uhakiki wa Utungo Ulioandikwa Ukutani

Maonyesho ya historia si ghala. Ghala huweka kila kilicholetwa, wala haliulizi kipi kitangulie na kipi kifuate. Maonyesho huchagua, hupanga, hukuza hiki na kufifiza kile, kisha humshika mtazamaji mkono na kumpeleka toka mlango wa kuingilia hata mlango wa kutokea. Kwa hiyo maonyesho ni utungo, kama utenzi ulivyo utungo na riwaya ilivyo utungo, nayo yapaswa kupimwa kwa kanuni zile zile: yaanzaje na yaishaje, wahusika wake ni nani, nani amepewa sauti na nani amenyimwa, na kimya kilichomo ndani yake ni kimya cha busara au cha hofu. Wahakiki wa Kiswahili, ambao huweza kubishana usiku kucha juu ya mizani moja ya shairi, aghalabu huyapita maonyesho haya bila ya kuyageukia. Huko ni kuacha kusomwa mojawapo ya maandiko yenye wasomaji wengi kabisa katika nchi.

Maonyesho yaandaliwayo kwa ajili ya sikukuu ya taifa yana shida yake ya peke yake. Mtungaji wa riwaya aweza kuanza asijue hadithi itamfikisha wapi; mtungaji wa maonyesho ya kumbukumbu amekwisha pewa mwisho kabla hajashika kalamu. Siku inayoadhimishwa ndiyo hatima, na yote yaliyotangulia hayana budi kuielekea, kama mito ielekeavyo bahari. Katika Zanzibar siku hiyo ni tarehe 12 Januari, 1964, siku ya Mapinduzi. Hapana nchi isiyo na siku ya namna hiyo, wala si kosa kuwa nayo. Swali ni hili: je, siku hiyo imewekwa kama mlango ambao watu hupita wakaona pande zote mbili, au imewekwa kama ukuta?

Unguja ni mahali pafaapo sana kulipima swali hilo, kwa sababu hapa historia mbili zimejengwa karibu karibu, kila moja na nyumba yake. Mtu akitoka katika Kasri iliyoko mbele ya bahari, Forodhani, akakata vichochoro vya Mji Mkongwe, akavuka barabara ilipokuwapo zamani hori ya maji ya bahari, atafika Ng'ambo na kuukuta mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi huko Michenzani. Safari hiyo haimalizi nusu saa kwa miguu. Lakini katika masimulizi, kutoka nyumba moja hata nyingine hakuna njia.

Desturi yenyewe haikuanza na Mapinduzi. Ilikwisha kuwapo tangu zamani za himaya ya Waingereza, nayo ilikuja na mpangilio wake. Mwaka 1924, yalipofanywa maonyesho makubwa ya Dola ya Kiingereza huko Wembley, kamati ya hapa ilitoa kitabu cha kuieleza Zanzibar, watu wake, kazi zake na historia yake. Nchi ilipelekwa London kama bidhaa, ikaambatanishwa na maelezo kama bidhaa. Mwaka uliofuata, 1925, ilifunguliwa Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja, nyumba ya kuba iliyochorwa na J. H. Sinclair, aliyekuwa amewahi kuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza, nayo ikawa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya kwanza. Jambo la kuzingatia ni kwamba makumbusho ya kwanza ya nchi yalijengwa kukumbuka vita ambavyo asili yake haikuwa hapa, na miongoni mwa vitu vyake vilivyojulikana mno ni kisanduku cha dawa cha Livingstone. Mtazamaji wa Unguja alikaribishwa katika historia yake mwenyewe kupitia sanduku la mgeni.

Kisha zikaja sikukuu za kifalme. Mwaka 1936 iliadhimishwa miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu 1911 hata 1960. Na mwaka 1944 iliadhimishwa miaka 200 ya ukoo wa Al Busaid, zikatolewa stempu zenye miaka miwili, 1744 na 1944. Hesabu hiyo yenyewe ni utungo. Mwaka 1744 ni wa mambo yaliyotokea Oman. Ukoo huo haukuhamishia makao yake Unguja mpaka zamani za Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Watu wa visiwa walitakiwa kushangilia karne mbili ambazo moja yake, kwa sehemu kubwa, ilipita ng'ambo ya bahari. Hivyo ndivyo kumbukumbu zifanyavyo kazi: hazidanganyi katika tarehe, bali huchagua tarehe ya kuanzia, na aliyechagua mwanzo amekwisha chagua shujaa.

Mapinduzi yalipokuja, stempu zenye sura ya sultani hazikutupwa zote. Zilipigwa juu yake chapa ya maneno mawili, JAMHURI 1964, zikaendelea kutumiwa. Wakusanyaji wa stempu huzithamini kwa uhaba wake. Mhakiki ana sababu nyingine ya kuzithamini. Ndani ya kipande kile kidogo cha karatasi zimo historia zote mbili kwa pamoja: uso ulio chini na neno lililo juu, wala neno halikuufuta uso. Hakuna maonyesho yoyote makubwa yaliyofanywa Unguja baadaye yaliyosema kweli nyingi kiasi hicho mahali padogo namna ile. Yaliyofuata yaliuchagua ama uso, ama neno.

Uso umewekwa katika Kasri. Jumba hilo lilikuwa makao ya masultani, na baada ya 1964 likaitwa kasri la watu. Mwaka 1994 liligeuzwa kuwa makumbusho ya masultani wenyewe. Mpango wake ulipandishwa kwa ngazi. Chini palielezwa miaka ya 1828 hata 1870, pamoja na mikataba ya biashara iliyofungwa na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844 na miji ya Hansa ya Ujerumani mwaka 1859. Tena pana kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyekimbilia Ujerumani akaitwa Emily Ruete na kuchapisha maisha yake mwaka 1886. Juu yake ni zama za ustawi, 1870 hata 1896, za Barghash na waliomfuata, mabomba ya maji na taa. Juu kabisa ni vyumba vya Khalifa na wake zake, vyenye samani ambazo si za fahari kubwa.

Kwa ustadi wa masimulizi, mpango huo una sifa zake. Vyumba vya juu hasa vina ukweli wa nyumbani: mfalme anaonekana kama mzee aliyelala kitandani na kuweka nguo zake kabatini. Na Sayyida Salme ni mhusika wa namna ambayo maonyesho mengi hukosa, mtu asiyekaa kimya katika upande mmoja. Lakini ngazi ya Kasri inakoma mwaka 1960. Baada ya Khalifa alikuja mwanawe Abdullah, na baada ya Abdullah akaja Jamshid, aliyeondoka kwa bahari katika Januari ya 1964, akaishi Uingereza miaka mingi, akahamia Oman mwaka 2020 na kufa huko Desemba 2024. Ufalme ulioelezwa kwa ghorofa tatu hauna ghorofa ya kufia. Mtazamaji hutoka asijue vitanda vile viliachwaje, na kwa nini nyumba ya mfalme imekuwa mali ya serikali. Zaidi ya hayo, maji ya mabomba yametajwa, wachukuzi wa maji hawakutajwa. Karafuu imetajwa, mikono iliyoichuma haikutajwa. Ni riwaya ya mabwana isiyo na watumishi.

Neno, nalo, limewekwa katika sherehe za Januari. Hizi ni maonyesho kwa maana pana: hazina nyumba moja, bali nchi nzima hufanywa ukumbi. Katika majuma yatanguliayo tarehe 12, viongozi huzunguka Unguja na Pemba wakiweka mawe ya msingi na kufungua shule, hospitali, barabara na masoko. Hufuata gwaride, ambalo mara nyingi hufanywa Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1970, na hotuba ya Rais inayotaja mafanikio ya serikali, sekta baada ya sekta, kwa takwimu. Maonyesho ya biashara ya kimataifa nayo yameambatanishwa na majira hayo hayo; yalikuwa yakifanywa Maisara, na baadaye yakapelekwa upande wa Fumba.

Haifai kuyadharau hayo. Mtu asemaye kwamba Mapinduzi hayakuwa na la kuonyesha, hajui alisemalo. Elimu bila ya malipo ilitangazwa Septemba 1964. Ardhi ilitaifishwa, na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyotokana na mipango ya wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yalijengwa katikati ya Ng'ambo, yaani mahali ambapo wapangaji mwaka 1928 walikuwa wamegoma kulipa kodi ya ardhi ya vibanda vyao. Mtoto wa mchukuzi kuingia darasani bila ya kuulizwa ada, na mjane wa Ng'ambo kupata mlango wenye kufuli na bomba la maji, ni mambo ya historia yastahiliyo ukuta, na ukuta ulio mzuri.

Kasoro iko katika kanuni ya utungo. Maonyesho ya Januari yamejengwa juu ya tamathali moja tu, nayo ni ukinzani wa kabla na baada. Kabla ni giza, baada ni nuru. Kabla ni kibanda, baada ni jumba. Ukinzani ni pambo zuri katika beti moja. Ukitumiwa katika utenzi wa beti elfu huchosha, na mwisho hupotosha. Maana kabla ya 1964 si siku moja. Ndani yake yumo mtwana wa shamba la karafuu na yumo mpangaji aliyegoma mwaka 1928; wamo makuli wa bandari walioisimamisha kazi ya mji katika mgomo wa 1948; yumo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake, akafa mwaka 1950 baada ya kuufanya mji mzima umsikilize. Shaaban Robert aliona kwamba maisha yale yafaa kitabu, akaandika wasifu wake. Ni jambo la kutia fikira kwamba maonyesho ya biashara ya sikukuu ya taifa yamepelekwa upande ule ule wa Fumba. Ikiwa kabla yote ni giza, hawa walionekana kwa taa gani?

Baada nayo si siku moja. Ndani yake imo tarehe 7 Aprili, 1972, aliposhambuliwa na kuuawa Mzee Abeid Amani Karume pale Kisiwandui. Siku hiyo hukumbukwa kwa dua na mapumziko kila mwaka. Lakini kilichofuata kuuawa kwake, kukamatwa kwa watu, mateso na kesi ya uhaini, hakina siku wala ukuta. Mlinganisho wa kabla na baada hauwezi kukipokea, kwa sababu kimetokea katika upande uliokwisha pewa jina la nuru.

Kunenwa kwa mnara wa Michenzani kunaleta mfano wa mbali. Mwaka 1889 Ufaransa iliadhimisha miaka 100 ya mapinduzi yake kwa maonyesho makubwa katika Paris, na mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili hiyo. Mnara huo hausemi neno hata moja juu ya waliokatwa vichwa. Unasema chuma, kimo na ufundi. Katika maonyesho hayo hayo Waafrika waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Taifa lililokuwa likishangilia uhuru wa binadamu halikuona kinyume kilichokuwa uani kwake. Basi mnara, popote ujengwapo, una tabia ya kumwinua mtazamaji juu mpaka asiwaone watu walio chini. Zanzibar haikuanza tabia hiyo, imeirithi tu, na urithi waweza kukataliwa.

Yapo mambo matatu ambayo kimya chake kinasikika kuliko mengine. La kwanza ni tarehe 10 Desemba, 1963. Siku hiyo Zanzibar ilipata uhuru toka kwa Waingereza, na tarehe 16 ya mwezi huo ikapokelewa katika Umoja wa Mataifa. Wako wasemao kwamba uhuru ule ulikuwa wa sultani na wachache, hasa kwa vile Chama cha Afro-Shirazi kilipata kura nyingi zaidi katika uchaguzi wa Julai 1963 na kukosa viti vya kutosha. Wako wasemao kwamba ulikuwa uhuru halali ulioporwa baada ya mwezi mmoja. Hoja zote mbili zafaa kusikika; lakini haziwezi kusikika ikiwa siku yenyewe haionyeshwi. Kuionyesha si kuiabudu. Hata hakimu amhukumuye mtu humwita kwanza kizimbani.

La pili ni John Okello. Huyu alikuwa kijana wa Uganda, na katika siku za mwanzo za Mapinduzi sauti yake ndiyo iliyosikika katika redio, akijiita Fildi Marshali. Kabla ya Machi 1964 kwisha alikuwa amekwisha ondolewa visiwani, na mwaka 1967 kitabu chake juu ya Mapinduzi kilichapishwa Nairobi. Kiasi gani cha madai yake ni kweli ni swali la wanahistoria, nao hawajakubaliana. Lakini mtungaji hapati kumtoa mhusika jukwaani bila ya kuacha tundu. Aliyesikia habari za ile sauti kwa wazazi wake, kisha akaikosa katika masimulizi ya sikukuu, hujifunza somo ambalo hakukusudiwa kufundishwa: kwamba ukuta wa taifa una siri.

La tatu ni zito zaidi, nalo ni maiti. Watu waliuawa katika siku za Mapinduzi, wengi wao Waarabu, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Wala mauaji hayakuanza siku hiyo. Katika fujo za uchaguzi za Juni 1961 walikufa watu 68. Kwa kuwa nchi haikuweka picha hizo, aliziweka mgeni. Filamu ya Kiitalia iitwayo Africa Addio, ya mwaka 1966, ilionyesha picha zilizopigwa toka angani za watu wakikimbia na za miili ya waliokufa, nayo ilitungwa kwa moyo wa kuwadharau Waafrika. Hivyo kumbukumbu ya picha ya msiba mkubwa wa visiwa imeachwa mikononi mwa watu wasiovipenda visiwa wala watu wake. Hii ndiyo gharama ya kimya. Ukuta usipoandikwa na wenyewe, wapita njia huuandika.

Watetezi wa kimya wana hoja, nayo si ya kupuuzwa. Husema kwamba Unguja ni ndogo. Aliyeua na aliyefiwa huenda walisali safu moja. Watoto wao wameoana. Kuweka picha na majina ukutani ni kukitonesha kidonda. Hoja hii ina huruma ndani yake. Hata hivyo yachanganya mambo mawili, kusitiri na kufuta. Kusitiri ni kulijua jambo na kulifunika kwa adabu. Kufuta ni kulifanya kama halikuwapo. Kaburi husitiri maiti, lakini huacha alama ili watu wajue pa kusomea dua. Wafu wa 1964 wamefutwa, hawakusitiriwa.

Mkunazini waonyesha kwamba jambo zito laweza kuonyeshwa, na waonyesha pia hatari zake. Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Uani kwake mwaka 1998 iliwekwa sanamu ya Clara Sörnäs, ya watu waliofungwa minyororo shimoni, na mwaka 2016 yakafunguliwa maonyesho yenye maelezo marefu juu ya biashara ya watumwa katika Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wageni walikuwa wakipelekwa katika vyumba vya chini vya jengo lililo jirani, wakiambiwa kwamba ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria wametia shaka, maana jengo lenyewe ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Utumwa ulikuwapo, na ukatili wake haukuhitaji chumba cha kubuni. Anayeongeza chumvi katika kweli humpa mkanushaji silaha: akigundua kwamba chumba si chenyewe, atasema na minyororo haikuwapo. Maandishi ya 2016 yana sifa kwa sababu yameitegemea hoja kuliko kiza cha chumba.

Sasa yafaa kuuliza kama fasihi imefanya vema kuliko maonyesho. Jibu si jepesi. Riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, kwa umbo lake ni maonyesho ya Januari: bwana mwovu, shamba, mapinduzi, kisha mwanga. Mhakiki mkali aweza kuisoma kama ukuta wa kabla na baada ulioandikwa kwa wino. Lakini ndani yake yumo Kijakazi, mtumishi ambaye utiifu wake kwa bwana haukuvunjika hata dunia ya bwana huyo ilipovunjika. Kijakazi haingii katika mlinganisho. Hakukombolewa na siku, maana minyororo yake ilikuwa ndani ya nafsi. Mwandishi alikuwa na shabaha ya kisiasa iliyo wazi, lakini ufundi wake ulimlazimisha kumuumba mtu, na mtu akaizidi shabaha. Huyo ndiye anayekosekana katika nyumba zote mbili: Kasri haimtaji kwa sababu ni mtumishi, na sherehe za Januari hazimtaji kwa sababu hakushangilia.

Riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, Kuli, ya mwaka 1979, imeupa mgomo wa 1948 uhai ambao hakuna kabati la makumbusho lililoupa. Msomaji huko huona kwamba watu wa kabla hawakungoja kukombolewa. Walikuwa wakifanya historia kwa mabega yao. Na katika Haini, ya mwaka 2003, mwandishi, ambaye yeye mwenyewe alipata kuwekwa kizuizini, ameingia katika yale yaliyofuata Aprili 1972. Aliyeandika habari za ushindi wa Mapinduzi aliandika pia habari za jela yake, wala kitabu cha pili hakikukibatilisha cha kwanza. Rafu moja ya vitabu imeweza kubeba vyote viwili. Kuta za taifa zinadai kwamba haziwezi.

Palipo na ukuta wenye upande mmoja, hujengwa mwingine kuukabili. Omar Mapuri aliyatetea Mapinduzi na mafanikio yake katika kitabu cha mwaka 1996. Mwaka 1999 Issa bin Nasser al-Ismaily alitoa Zanzibar: Kinyang'anyiro na Utumwa, na mwaka 2010 Harith Ghassany akatoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kitabu kilichokusanya masimulizi ya wazee na kudai kwamba mkono wa Tanganyika ulikuwa mkubwa katika Mapinduzi kuliko ulivyosemwa. Vitabu hivyo vimesomwa kwa hamu, visiwani na Oman pia, na sehemu ya hamu hiyo inatokana na kimya cha kuta. Yafaa kusema waziwazi kwamba maandiko ya upinzani nayo hupatwa na maradhi yale yale. Akiugeuza mtu ukinzani, kabla ikawa nuru na baada ikawa giza, hajaurekebisha utungo; ameubinua tu. Zanzibar ya kabla iliyokuwa bustani ya watu wote ni chumba cha kubuni sawasawa na kile cha Mkunazini.

Katika mwaka huo huo wa 2010, tarehe 31 Julai, wananchi walipiga kura ya maoni na kuikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, baada ya maridhiano yaliyoanzishwa na Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad Novemba 2009. Pande mbili zilizokuwa zikisimulia historia mbili zilikubali kukaa katika baraza moja la mawaziri. Katiba ilibadilishwa, masimulizi hayakubadilishwa. Sherehe za miaka 50 mwaka 2014 na za miaka 60 mwaka 2024 zilifuata umbo lile lile la zamani. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Watu wanaweza kugawana vyeo bila ya kugawana kumbukumbu, lakini ugawaji wa namna hiyo huvunjika mara kwa mara, kwa sababu kila uchaguzi unapokuja, wafu wasioandikwa popote huamshwa majukwaani na kila upande kwa faida yake.

Njia haikosekani. Afrika ya Kusini ilipata kuwa na sikukuu mbaya kuliko zote: mwaka 1952 serikali ya ubaguzi iliadhimisha huko Cape Town miaka 300 ya kufika kwa Jan van Riebeeck, na watu weusi wengi wakazisusia sherehe hizo. Katika mji huo huo, mwaka 1994, yalifunguliwa makumbusho ya District Six, mtaa ambao wakazi wake walihamishwa kwa nguvu. Sakafuni palitandazwa ramani ya mtaa, na waliohamishwa wakaitwa waje waandike kwa mikono yao mahali zilipokuwa nyumba zao. Maonyesho hayo hayakuandikiwa watu. Yaliandikwa na watu. Ng'ambo ya Unguja, ambayo vichochoro vyake vingi vilibomolewa ili majumba ya Michenzani yapate kusimama, ingeweza kuwa na sakafu ya namna hiyo, na juu yake kila mmoja angeandika: hapa palikuwa kisima, hapa palikuwa chuo cha Kurani, hapa alitoka baba usiku ule wala hakurudi.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, lingekuwa mahali pake pa pili. Jumba hilo limepitia yote: vita vya Agosti 1896 vilivyoyavunja majumba ya jirani yake, ofisi za serikali ya kikoloni, mafunzo na makumbusho ya Chama cha Afro-Shirazi baada ya Mapinduzi, na baadaye makumbusho ya historia na utamaduni yaliyokuwa na mtepe uliojengwa upya mwaka 2003. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu yake ilianguka na kuua watu wawili. Kujengwa upya kwa nyumba kama hiyo ni kazi ya mawe, lakini ni kazi ya utunzi pia. Ndani yake ingefaa ngazi isiyokoma mwaka 1960 wala kuanza mwaka 1964, ipitayo kwa mpangaji wa 1928, kuli wa 1948, bendera ya Desemba 1963, sauti ya redio ya Januari, darasa la kwanza lisilolipiwa, eka tatu, na jela ya 1972. Penye ubishi, paandikwe kwamba pana ubishi, na hoja za pande zote ziwekwe kwa herufi za ukubwa mmoja.

Mficha maradhi, walinena wazee, kifo humuumbua. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na sababu za kweli, yalileta mema ya kweli, na yalimwaga damu ya kweli. Anayeweza kuyasema yote matatu kwa pumzi moja hawi msaliti wa upande wowote. Maonyesho yatakayoweza kuyasema hayo yatakuwa yamefikia daraja ambayo riwaya bora za visiwa hivi zilikwisha kuifikia, na siku hiyo mjukuu wa aliyeua na mjukuu wa aliyeuawa wataweza kusimama mbele ya ukuta mmoja na kuusoma, bila ya mmoja wao kulazimika kuondoka.